Mama wa Dirishani

Saa kumi na moja alfajiri Yaya aliamka, akavaa kandambili, akaenda kuchemsha maziwa.

Hapakuwa na jiko. Hapakuwa na maziwa, wala mtoto wa kuyanywa. Palikuwa na kitanda, meza, kiti kimoja, na bafu dogo lenye harufu kali ya dawa ya kusafishia. Alisimama katikati ya chumba akajicheka, kicheko kisicho na utamu. Kisha akatandika kitanda. Alipomaliza akakivuruga, akakitandika upya. Mikono yake ilikuwa haijazoea kukaa bure.

Kwa miaka mitano Yaya alilea watoto wa watu katika nchi ya watu. Huko hakuna aliyemwita kwa jina lake. Baba mwenye nyumba alimwita Yaya. Mama mwenye nyumba alimwita Yaya. Watoto walimwita Yaya walipotaka maji, na wakamwita Yaya walipoota ndoto mbaya. Na sisi tumwite hivyo hivyo, mpaka apate jina jingine.

Sasa alikuwa amerudi nchini kwake, lakini hajafika nyumbani. Korona ilikuwa imetapakaa duniani. Serikali ilikuwa imetoa amri: kila anayetoka nchi za nje akae karantini hotelini siku kumi na nne kabla ya kwenda kwake. Pale uwanja wa ndege walipandishwa basi. Wakashushwa kwenye mlango wa nyuma wa hoteli, ule wa kupitishia magunia ya vitunguu. Yaya alipewa chumba namba kumi na mbili, ghorofa ya tatu. Dirisha lake lilifunguka upana wa kiganja tu. Kwenye korido, karibu na ngazi, alikaa mlinzi kwenye kiti cha plastiki.

Masharti yalibandikwa nyuma ya mlango. Usitoke. Usimkaribishe mtu. Chakula kitawekwa nje juu ya stuli. Subiri mhudumu aondoke, vaa barakoa, ndipo ufungue. Nawa mikono kwa sabuni. Acha dirisha wazi, hewa ipite. Ukipata homa au kikohozi, au pua ikiacha kunusa, piga namba tisa.

Kila asubuhi saa mbili mlango uligongwa. Alikuwa muuguzi, mwanamke mfupi aliyejifunika nguo za kujikinga kuanzia nywele mpaka viatu. Yalionekana macho tu. Mkononi alishika kifaa cha kupimia joto la mwili. Wageni wa ghorofa ile walimpa jina la Bi Kipimo, naye alilijua, wala hakukasirika.

"Umeamkaje, mama?"

"Nimeamka kama mfungwa."

"Mfungwa hapewi sabuni mbili. Lete paji la uso." Kifaa kililia. "Huna homa. Unakohoa?"

"Sikohoi."

"Haya. Bado siku tisa."

"Najua. Nazihesabu kuliko wewe."

Alizihesabu kweli, na alikuwa na sababu. Sababu yenyewe ilikuja kila siku saa kumi jioni na kusimama ng'ambo ya barabara, karibu na kibanda cha fundi baiskeli.

Yaya alipoondoka nchini alimwacha binti yake wa miaka miwili kwa dada yake mkubwa. Mtoto alikuwa anaongea kutwa nzima, wakampa jina la Chiriku. Sasa Chiriku alikuwa na miaka saba. Mama mkubwa ndiye aliyempeleka shule. Mama mkubwa ndiye aliyemuuguza surua. Mama yake mzazi alikuwa sauti ndani ya simu, sauti iliyouliza maswali yale yale: umekula, umesoma, unanikumbuka? Chiriku alijibu ndiyo mara tatu, akarudisha simu.

Siku ya kwanza pale barabarani, Chiriku alijificha nyuma ya gauni la mama mkubwa. Yaya alimwona kutoka ghorofa ya tatu: soksi nyeupe, mkoba wa shule, na jicho moja. Moyo ulimpasuka. Akampigia dada yake simu, akaomba mtoto apewe aongee naye.

"Shikamoo," alisema Chiriku, kama anavyosalimiwa mgeni aliyekuja kuuza kitu.

Siku ya pili Yaya aliweka kiganja chake kwenye kioo, akakiacha hapo. Siku ya tatu Chiriku aliinua kiganja chake hewani, haraka haraka, akakishusha. Siku ya tano alikiinua na kukiacha juu mpaka mkono ukamchoka. Siku ya nane alifungua daftari akaonyesha alama ya vema, ingawa kutoka kule juu Yaya aliona ukurasa mweupe tu. Akapiga makofi hivyo hivyo.

Siku ya tisa Chiriku alidai simu mwenyewe.

"Jino langu linacheza."

"Lipi?"

"La mbele. Mama mkubwa anataka kuling'oa kwa uzi."

"Mwambie aliache. Nitaling'oa mimi nikifika."

"Lini?"

"Bado siku tano."

"Tano za kweli?"

"Za kweli."

Chiriku alifikiri. Kisha akasema, "Haya. Nitatafunia upande huu."

Yaya alikaa chini sakafuni, simu kifuani, akalia machozi ya furaha. Alikuwa anapata mtoto wake kidogo kidogo, kwa siku, kwa kiganja, kwa jino moja. Hakuna alichokitaka duniani zaidi ya hicho.

Mchana mrefu alisaidiwa na jirani yake, mgeni wa chumba namba kumi na tatu, mlango unaotazamana na wake. Alikuwa mama wa makamo, mpishi wa melini. Walikuwa hawajaonana ana kwa ana tangu waliposhuka kwenye basi. Waliongea kwa simu ya chumbani.

"Umeshafunua sahani yako?" Mpishi aliuliza kila mchana.

"Nimeifunua."

"Umeuona wali? Aliyeupika huyu hajawahi kupendwa. Ningekuwa na jiko hapa, mwanangu, mlinzi angeacha kiti chake."

Mpishi alikuwa na mume. Alimtaja katika kila sentensi ya tatu. Mume hajui kukaanga yai. Mume ameandika barua kwa mwandiko wa daktari. Mume anaumwa moyo, lakini anasema ni gesi. "Miaka kumi na miwili nimewapikia mabaharia," alisema, "na yeye anajikorogea uji. Safari hii sirudi melini ng'o."

Siku ya kumi na mbili, saa tano asubuhi, Yaya alisikia kilio.

Hakikuwa kilio cha televisheni. Kilitoka chumba cha mbele, kikapita chini ya mlango, kikajaa chumbani. "Jamani! Jamani mume wangu! Kwa nini hukunisubiri?" Kisha kikatokea kishindo, kama mtu ameanguka kwenye samani.

Yaya akapiga simu chumba namba kumi na tatu. Iliita mpaka ikakata. Akafungua mlango akachungulia. Kiti cha mlinzi kilikuwa kitupu. Mlinzi ameshuka kunywa chai, ameacha redio ndogo ikiongea peke yake.

Tusimwonee Yaya. Nani kati yetu angesikia kilio cha mfiwa hatua tatu kutoka mlangoni pake, akarudi kukaa kitandani? Alikuwa amelelewa kwamba mtu akifiwa, unakwenda. Huulizi, hubishi hodi mara mbili, unakwenda. Wala hakuvaa barakoa. Anayekimbilia msibani hakumbuki kutafuta barakoa.

Alivuka korido. Mpishi alikuwa chini, mgongo kwenye kabati, simu mapajani.

"Wamemkuta amelala," alisema. "Wamemkuta amelala tu, mwanangu."

Yaya akakaa naye sakafuni, akamkumbatia. Wakalia pamoja, shavu kwa shavu. Yaya alimfuta machozi kwa mkono wake, akampa maji, akanywa na yeye katika bilauri ile ile. Dirisha lilikuwa limefungwa. Mpishi alikohoa mara mbili tatu.

"Unakohoa?"

"Tangu juzi. Ni vumbi la zulia hili. Sikumwambia yule wa kipimo, asije akaniongezea siku."

Walikaa karibu saa nzima. Waliposikia viatu vya mlinzi kwenye ngazi, Mpishi akamsukuma. "Nenda, mwanangu. Nenda kabla hawajakuona. Wewe una mtoto anakungoja." Yaya akarudi chumbani kwake. Hakuna aliyemwona.

Asubuhi iliyofuata, siku ya kumi na tatu, wageni wote wa ghorofa ile walichukuliwa kipimo cha mwisho. Bi Kipimo aliingiza kijiti puani, kila mtu akatokwa na machozi. Mchana majibu yakatoka. Mpishi ana korona.

Yaya alisikia magurudumu kwenye korido. Hakufungua. Alisikia sauti ya Mpishi ikisema, "Sikukutana na mtu, mnaniuliza mara ngapi? Nimelia peke yangu kama mbwa." Kisha magurudumu yakaenda zake.

Bi Kipimo akagonga mlango namba kumi na mbili.

"Jirani yako wa mbele ameonekana na ugonjwa. Namuuliza kila mtu wa ghorofa hii. Ulikutana naye? Hata kidogo? Hata mlangoni?"

Yaya alitazama yale macho juu ya barakoa. Aliliona jino. Aliona mkono mdogo ukiinuliwa barabarani.

"Hapana," akasema.

"Una uhakika?"

"Sijatoka humu."

Bi Kipimo akaandika. "Majibu yako yametoka vizuri. Hujaonekana na kitu. Kesho saa nne uko huru."

Jioni ile Chiriku alionyesha kidole kimoja kutoka ng'ambo ya barabara. Yaya naye akaonyesha kimoja. Lakini kiganja alichokiweka kwenye kioo kilikuwa na jasho.

Siku ya kumi na nne alifunga sanduku mapema. Ndani yake mlikuwa na viatu vyekundu vya Chiriku, namba aliyokisia. Saa tatu na nusu Bi Kipimo alikuja na cheti cha kumruhusu kuondoka. Yaya alikipokea, akakisoma, akakisoma tena.

"Nesi, nikuulize. Kipimo kikisema sina, basi sina?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

Bi Kipimo aliegemea fremu ya mlango. Alikuwa amechoka, ungejua kwa mabega.

"Umewahi kupanda maharage?"

"Nimepanda sana."

"Ukipanda leo, kesho ukitazama udongo unaona nini?"

"Huoni kitu."

"Lakini mbegu imo. Ugonjwa huu uko hivyo. Mtu akiupata leo, kesho kipimo kinaweza kusema hana. Vijidudu bado vichache, havionekani. Wengi huanza kuumwa baada ya siku tano hivi. Wengine huchelewa mpaka siku ya kumi na nne. Ndiyo maana tunakaa siku zote hizo. Na mtu anaweza kuwaambukiza wenzake hata kabla hajajisikia mgonjwa. Anacheka, anakula nao sahani moja, kumbe anawagawia."

"Kwa hiyo kipimo ni bure?"

"Si bure. Kwa mtu aliyekaa siku kumi na nne bila kukutana na mgonjwa, na kipimo kikatoka vizuri, namwambia nenda salama. Ila kwa aliyekutana na mgonjwa juzi, kipimo cha jana hakituambii lolote. Huyo anaanza kuhesabu moja, tangu siku waliyokutana."

Yaya akasogea dirishani. Walikuwa wamewahi. Dada yake alikuwa amekaa kwenye benchi la fundi baiskeli, mkono kifuani, akivuta dawa yake ya pumu. Kutembea tu kutoka kituo cha basi kulikuwa kumemkata pumzi. Pembeni yake Chiriku alikuwa amevaa gauni la sikukuu. Alikuwa anaruka kwa mguu mmoja, anatua, anatazama juu.

Yaya alijua jinsi nyumba ilivyopangwa. Dada alikuwa amemweleza kwa furaha: chumba ni kimoja, tutalala watatu kitanda kimoja, mtoto katikati.

"Dada yangu ana pumu," alisema.

"Pumu ya kweli kweli?"

"Imemlaza hospitali mara mbili."

Bi Kipimo aliacha kuegemea fremu. Alingoja.

"Nilikwenda," Yaya akasema. Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtoto aliyevunja sahani. "Juzi. Alipofiwa. Nilimkumbatia, nikanywa maji kwenye bilauri yake. Jana nilikudanganya."

Muuguzi alifumba macho, akayafumbua. Yaya alitegemea kufokewa. Afadhali angefokewa.

"Kwa nini hukunipigia namba tisa?"

"Ungefanya nini? Ungempima joto?"

"Ningeingia mimi. Nina nguo za kujikinga, ningekaa naye chini pale pale. Unadhani mimi ni kifaa tu? Na wewe ningekuunganisha naye kwa simu, umlilie mpaka usiku." Akatazama karatasi ya masharti nyuma ya mlango. "Lakini nani alikuambia kwamba inawezekana? Hakuna. Tumewaandikia habari za sabuni, hatukuwaandikia mtu akifiwa afanye nini. Hilo ni kosa letu."

Akanyoosha mkono. Yaya akamrudishia cheti.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko vyote. Yaya alipiga simu. Chini, dada yake akaipokea huku akicheka.

"Shuka basi, mdogo wangu! Huyu mtoto atamaliza soli."

"Dada, sishuki leo."

"Unatutania."

"Nilikutana na mgonjwa. Naanza tena. Bado siku kumi na mbili."

Dada akasimama. Akatazama juu, akaweka mkono juu ya macho kuzuia jua. "Kipimo si kimesema huna?"

"Kimesema mapema mno. Dada, ukiupata wewe, pumu yako itakumaliza."

"Mimi nitajifunika. Nitakaa pembeni. Mtoto hajalala jana kwa ajili yako, unanisikia? Hajalala!"

"Nakusikia."

Chiriku akanyakua simu. "Umesema leo."

"Nilisema leo, mwanangu. Nimekosea. Nisikilize kidogo, nikueleze..."

"Umesema tano za kweli."

Yaya aliweka kiganja kwenye kioo. Chiriku alikiona. Akamrudishia mama mkubwa simu, akageuka, akaipa hoteli mgongo. Alisimama hivyo, mikono imeshika gauni, mpaka alipovutwa kwenda. Hakugeuka hata mara moja.

Kesho yake saa kumi dada alikuja peke yake. Na keshokutwa pia.

"Hataki kuja," alisema. "Watoto wenzake wamemuuliza mama yako yuko wapi. Amewaambia, yule si mama, yule ni mama wa dirishani."

Dada alicheka kidogo, ili isiume. Iliuma.

Siku ya tano tangu Yaya alipovuka korido, aliamka viungo vinauma. Chakula kilipoletwa alikinusa, hakusikia kitu. Akainusa sabuni. Akaenda bafuni akainusa ile dawa kali ya kusafishia, ile iliyokuwa inamchoma pua kila siku. Hakusikia kitu. Akarudi kitandani, akainua simu, akabonyeza tisa.

Safari hii kipimo kilisema ndiyo.

Jioni dada yake alipiga simu kutoka barabarani. Yaya alimweleza. Kwenye simu zilisikika pikipiki tu zikipita.

"Dada?"

"Nipo." Pumzi ya dada ilikuwa nzito. "Leo ungelala nasi usiku wa nne. Mtoto katikati."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikutukana moyoni siku ile. Nilisema huyu amezoea maisha ya huko, hatutaki."

"Hata mimi nilijitukana."

Alihamishiwa jengo la pili, walikowekwa wagonjwa. Dirisha la huko lilitazama ukuta. Ukuta ulikuwa na ufa na bomba la maji machafu, basi. Homa ilimchezea siku sita. Kikohozi kilimkunja mara mbili. Siku moja walimwekea mpira wa hewa puani, na akajiuliza kama viatu vyekundu vitamfikia mwenyewe.

Chumba kile kilikuwa na vitanda viwili. Kwenye kitanda cha pili alikuwa Mpishi, amekonda, amevimba macho.

"Mjinga wewe," Mpishi alimwambia siku ya kwanza. "Nilikuficha. Nilidanganya kwa ajili yako."

"Mimi pia nilidanganya. Siku moja."

"Na nilikikohoa kile kikohozi siku tatu, nikasema vumbi." Mpishi akageukia ukutani. "Wamemzika bila mimi. Nilidhani nikificha nitawahi. Sikuwahi, na nimekuambukiza wewe juu yake."

Bi Kipimo aliingia, akawapima wote wawili, akaandika. Aliwaona wanavyotazamana kutoka kitanda hiki na kile.

"Nyie wawili mna ugonjwa mmoja," alisema. "Sasa mnaweza kushikana mikono mpaka mchoke."

Mpishi akaanza kucheka, cheko likageuka kilio. Yaya akashuka kitandani akamshika mikono. Alishikilia muda mrefu. Hakukuwa na haja tena ya kusikiliza viatu kwenye ngazi.

Kabla ya kutoka, Bi Kipimo alimwonyesha Yaya karatasi mpya. Ilikuwa imeshabandikwa nyuma ya milango yote ya hoteli. Maneno yake yalikuwa machache: Ukifiwa au ukizidiwa na mawazo, piga namba tisa. Muuguzi aliyejikinga atakuja kukaa nawe. Jirani, usivuke korido. Mpigie simu, kaa naye kwenye simu. Na kikohozi hata kama kidogo, kiseme, hakuna atakayekugombeza.

"Wiki hii wamefiwa wawili," alisema. "Wamepiga. Hakuna aliyevuka."

Walimkalisha siku kumi tangu dalili zilipoanza, na juu yake siku tatu zisizo na dalili. Siku ya thelathini tangu aliposhuka kwenye ndege, Yaya alipewa cheti chake. Alikisoma mara moja tu.

Nyumbani alifika asubuhi. Dada alikuwa uani anaosha sufuria. Alisimama, mikono ina povu, akavuta pumzi. Iliingia yote, ikatoka yote, bila mluzi. Walikumbatiana. Ndani ya nyumba ile hakuna aliyekuwa amekohoa mwezi mzima.

"Yuko wapi?"

"Nyuma ya tangi la maji. Amekuona."

Yaya alitoa viatu vyekundu, akachuchumaa. Chiriku akatokea nusu. Alikuwa amerefuka kuliko alivyoonekana kutoka ghorofa ya tatu. Pale mbele mdomoni palikuwa na pengo.

"Shikamoo," alisema.

"Jino liko wapi?"

"Limeng'oka. Mama mkubwa alilitoa kwa uzi." Akavitazama viatu. "Hivyo ni vidogo."

Vilikuwa vidogo kweli. Yaya aliviweka chini. Alinyoosha mikono, na mtoto akarudi hatua moja nyuma. Hakuwa na hasira tena. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi: alikuwa na adabu. Alimtazama mwanamke huyu wa karibu, mwenye harufu ya sabuni ya hospitali na sauti isiyotoka kwenye simu, akashindwa kumfananisha.

Walishinda hivyo. Chiriku alikula na mama mkubwa. Alimletea mgeni maji, kwa mikono miwili, akaondoka. Ilipokaribia saa kumi alikuja kusimama mbele ya Yaya, akajikuna mguu kwa mguu.

"Ingia ndani."

"Niingie wapi?"

"Mle chumbani. Simama dirishani."

Yaya aliingia. Alipita kitanda kile cha watatu, akasimama nyuma ya kioo. Chiriku alitoka uani, akaenda mpaka kwenye ukuta wa jirani, mbali kadiri uwanja ulivyoruhusu. Akageuka, akatazama, akakunja uso kwa sababu ya jua.

Yaya aliweka kiganja kwenye kioo.

Chiriku aliinua chake hewani. Akatembea. Alikuja polepole, mkono juu, mpaka kiganja chake kikagusa kioo kwa nje, juu ya kile kingine. Kilikuwa kidogo, kikaacha alama ya vumbi. Uso ukamfunguka wote, na pengo lake.

"Mama mkubwa!" alipiga kelele. "Mama mkubwa, njoo uone! Mama amefika!"

Alikuwa amefika tangu asubuhi.